Kibao Kilichobaki Kwenye Utepe

Mwenzangu wa chumba hapa chuoni, Mwanaidi, ana redio kaseti aliyoletewa na kaka yake kutoka ng'ambo, pamoja na kaseti moja ya vijana wa Kimarekani ambao hawaimbi wala hawazungumzi. Wanafoka maneno kwa kasi juu ya ngoma. Tunaisikiliza tukipiga pasi, tukisuka nywele, tukijifanya tunasoma. Jumamosi moja aliisimamisha ghafla, akarudisha nyuma, akanivuta mkono.

"Sikiliza hapa. Umesikia? Kuna mtu kacheka. Halafu kiti kimeburuzwa."

Nilisikia. Alirudisha tena, nikasikia tena.

"Wangeweza kufuta, shoga. Wameacha makusudi. Hiyo ndiyo raha yenyewe, unajiona uko nao mle ndani."

Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo na blanketi langu lilikuwa linaning'inia juu ya kitanda, bado bichi, likitoa ile harufu ya sufi iliyolowana. Harufu ile na kicheko kile vilinifika pamoja. Nilisimama, nikaenda dirishani, nikatema mate.

Sijui ni nani aliyeamua kwamba kila kinachotokea kwa bahati mbaya ni kitamu. Mtu kakohoa, acheni. Mlango umelia, acheni. Hakuna anayeuliza yule aliyekohoa alikuwa na nini. Nilimwambia Mwanaidi kwamba hata mimi najua rekodi moja yenye kitu kilichoachwa ndani, ya kwetu kabisa, ya ngonjera ya mpunga. Hakuuliza zaidi. Yeye ni mtoto wa Tanga, hajawahi kukanyaga Nyanda za Juu, lakini alipaza sauti, "Nani kalala?", akapiga kofi moja hewani, paa, akapeleka shavu pembeni kwa madaha, akacheka.

Kwa kitambo kidogo nilitaka kumpiga kweli.

Ninyi mliosoma shule ya msingi miaka niliyosoma mimi mnaijua. Mmeicheza kwenye mahafali, kwenye ziara za wakubwa, kwenye harusi. Mikono yenu inajua pa kupiga. Naandika ili mjue mnapiga nini.

Tulikaa Rujewa, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga ambako baba alikuwa fundi. Pumba zilikuwa kila mahali: ndani ya uji, ndani ya nywele, kati ya kurasa za daftari. Injini ya ile mashine ilikuwa na mdundo wake, na dada yangu Sekela, aliyekuwa darasa la saba mimi nikiwa la pili, alijifunza kusema kwa kuufuata. Mama akimtuma chumvi, alirudi akitangaza aliyemkuta dukani, aliyefukuzwa, aliyeteleza kwenye mfereji na ng'ombe wa nani wameingia shamba la nani, yote kwa mdundo wa injini, bila kuvuta pumzi. Wapakiaji waliweka magunia chini kumsikiliza.

"Gwe Sekela," baba alikuwa akimwambia, "siku mkanda wa mashine ukikatika nitakufunga wewe."

Sekela alitaka jambo moja, na hakulificha: kusoma taarifa ya habari redioni. Alifanya mazoezi kwa kusoma magazeti yaliyofungiwa sukari, akiyasoma mpaka pale yalipochanika.

Mwalimu Ngailo ndiye aliyeona kwamba mdomo ule unafaa kwa ngonjera. Alikuwa mtu wa kuhesabu na wa usafi, aliyevaa soksi nyeupe zinazofika magotini katika mji wa matope. Alivuta ugoro kwa siri ambayo shule nzima iliijua. Leso yake ilikuwa imekakamaa kwa makamasi ya kahawia, na kifutio kikipotea aliitumia hiyo hiyo kufutia ubao, kisha akatushika nayo kidevu ili tutazame mbele. Alitunga beti za mpunga, akampa Sekela kuzighani mbio mbio, akaweka wavulana wawili kwenye ngoma, na mimi, kwa sababu nilikuwa nalia nikiachwa nyumbani, akanipa makopo mawili ya mafuta ya kupikia yaliyotiwa mpunga ndani. Hayo ndiyo yalikuwa manyanga yetu.

Nitajisifu hapa kidogo, maana baadaye sitakuwa na nafasi. Nilikuwa na mkono mzuri. Mwalimu alihesabu kwa rula juu ya dawati, na aliyekosea alipigwa kichwani na rula ile ile, bila hesabu kukatika. Mimi hakunigusa hata siku moja. "Tazameni katoto haka," aliwaambia wakubwa. "Hata nyumba ikiungua, katatikisa mpaka mwisho." Sijawahi kupewa sifa iliyonipendeza kama ile.

Ubeti ambao kila mtu anaujua ulikuwa hivi:

Tifua, panda, palilia,
vuna, beba, nani kalala?
Amka!

Baada ya "kalala" ngoma zilinyamaza, yakabaki makopo yangu peke yake, kisha Sekela akapiga kelele ile "Amka!" na ngoma zikaingia kwa kishindo. Ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo tulivyofanya mara mia.

Kisha ikaja habari kwamba watu wa kurekodi wamefika Iringa na vikundi vya shule viende. Tulisafiri kwa lori la mashine, juu ya magunia ya mchele, tukafikia Kihesa kwa shangazi yetu, dada yake baba, aliyeolewa na Mhehe akawa Mhehe kuliko mumewe.

"Kamwene, wanangu! Mbona weupe hivi, mmepikwa na mchele?" Alitukung'uta pumba kwa kanga. Aliposikia tumekuja kufanya nini, aliniinamia. "Wewe mdogo, umekula maharage leo?"

"Ndiyo, shangazi."

"Basi ujikaze. Ile mashine haina adabu. Inanasa mpaka tumbo la mtu likinguruma, halafu nchi nzima inasikia."

Sekela alicheka mpaka akakaa chini. Mimi niliamini kila neno. Kesho yake sikunywa hata maji, na ndani ya chumba kile nilihema kwa tundu moja moja la pua, kama aliyejificha.

Chumba kilikuwa darasa la shule moja ya bweni. Ili sauti isivuje, walikuwa wamepigilia mablanketi ya wavulana kwenye madirisha na kuta zote, na wavulana wa bweni, katika baridi ya Iringa, si wote wanaoamka kwenda chooni. Mablanketi yalikuwa yameloa ukungu. Kulinuka mkojo wa zamani, moshi na kondoo. Joto la watu lilipopanda harufu ilipanda nalo, ikakaa kwenye ulimi. Manyoya ya sufi yalielea hewani, na Sekela, kwa sababu ya maikrofoni, alisimamishwa kwenye kona, mdomo wake karibu ugusane na blanketi moja lenye ramani ya manjano. Mwalimu Ngailo alisimama kando yake ili amhesabie kwa vidole.

Mara ya kwanza jogoo aliwika nje. Fundi wa mitambo, kijana mwenye hedifoni shingoni, alifuta. Mara ya pili, katikati ya ubeti wa kwanza, mmoja wa wapiga ngoma alitoa ushuzi mrefu wenye swali mwishoni. Wavulana wakaanguka kwa kicheko. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimethibitisha maneno ya shangazi, na nilikuwa namwombea yule mvulana.

Fundi hakufurahi. "Mwalimu, betri zinakwisha na nje kuna kwaya nzima inasubiri. Nina mara moja tu. Ikiharibika, mtajirekodi wenyewe Rujewa kwenye mtungi."

Mwalimu Ngailo alitutazama mmoja mmoja. "Mmesikia?"

Tulianza. Sekela hakuwahi kughani namna ile. Injini ya mashine ya baba ilikuwa kifuani mwake. Tifua, panda, palilia, vuna, beba, nani kalala? Ngoma zikanyamaza. Nikatikisa. Na pale palipotakiwa kuwa na "Amka!" hapakuwa na kitu. Nilimwona Sekela amefungua mdomo, macho yamemtoka, shingo imekaza. Alikuwa amemeza manyoya. Neno lilikuwa limekwama nyuma ya hayo manyoya.

Mwalimu Ngailo alimpiga kibao. Hakusogeza miguu, alitupa mkono tu, mkono mzima, na mlio wake ulianguka pale pale neno lilipotakiwa kuanguka. Paa. Sekela akatoa sauti, "Aah!", ngoma zikaingia kwa woga wa mazoea, na yeye akaendelea na mstari uliofuata kwa sauti kali ambayo hatukuwa tumeisikia kabla, mpaka mwisho, machozi yakimwingia mdomoni bila kuharibu neno hata moja.

Fundi alirudisha utepe, akasikiliza kwa hedifoni. Tulimwona anatabasamu. Kisha akatusikilizisha wote. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia kitu kilichokwisha kutokea kikitokea tena. Nani kalala? Paa. Aah! Fundi alipiga paja lake.

"Mwalimu! Hicho hata ngoma haikiwezi. Hicho hakitoki."

Mwalimu Ngailo alikuwa anainama kuvuta soksi. Aliponyooka, uso ulikuwa umetulia. "Nilipanga," alisema. "Sikuwaambia watoto tu, wasije wakaogopa."

Sekela alikuwa bado kwenye kona, vidole vinne vikianza kujichora shavuni. "Mwalimu," alisema, "naomba turudie."

"Turudie nini? Imekaa vizuri."

Akamgeukia fundi. "Kaka, naomba. Safari hii nitalisema. Ni neno moja tu, nalijua."

"Binti," fundi alimjibu kwa upole, na upole ule ndio unaonichefua mpaka leo, "mimi nikirudia, hiyo siipati tena."

Nilimwamini mwalimu. Mnisamehe au msinisamehe, nilikuwa na miaka minane. Mwalimu amesema alipanga, na kweli kibao kilikuwa kimekaa mahali pake kama kigae kwenye sakafu. Kwenye lori nilimsogelea Sekela juu ya magunia matupu nikamwambia kwa wivu, "Kumbe wewe ndiye uliyepangiwa. Kwa nini hukuniambia?" Alikuwa anatoa manyoya meupe kwenye ulimi, moja moja, anayapangusia kwenye gunia.

Ngonjera ilipotoka redioni, mashine ilizimwa ili watu wasikilize. Wapakiaji, kina mama wenye ungo, Wasukuma waliokuwa wameleta ng'ombe mnadani, wote walijaa mlangoni. Mimi nilipanda juu ya mzani. Nilikuwa najua kitu wasichokijua. "Ngojeni!" niliwapigia kelele. "Ikifika hapa mnapiga kofi! Shavu mnalipeleka hivi! Imepangwa!" Nikawaonyesha. Na ilipofika, watu hamsini walipiga kofi moja, vumbi la pumba likainuka, wakacheka kwa furaha mpaka wengine wakakumbatiana. Iliporudiwa wiki iliyofuata, hawakuhitaji kuonyeshwa. Kutoka pale ilipita shule hadi shule, mnada hadi mnada, ikafika mpaka Tanga.

Watu hudhani desturi kama ile huanza yenyewe. Haikuanza yenyewe. Niliianzisha mimi, juu ya mzani, nikiwa na makopo mkononi.

Sekela alipojaribu kumweleza baba, baba alicheka na kumpapasa kichwa. "Kibao kimoja umejulikana nchi nzima. Mimi nilivyopigwa na walimu wangu, nani ananijua?" Mama alimwambia asiringe. Wasichana wenzake walimpokea kisimani kwa paa. Mwenye duka alimpa chumvi kwa paa. Magazeti ya sukari aliacha kuyasoma. Akitumwa, alirudi akaweka chumvi mezani, akasema, "Hii hapa." Nilidhani amekua.

Alipomaliza shule alipelekwa Mbeya kujifunza ushonaji, na miaka michache baadaye akaposwa na fundi seremala wa Soweto, mtaa wa huko huko Mbeya, mtu mpole mwenye kigugumizi ambaye, nafikiri, alimpenda kwa sababu hakuna kati yao aliyetaka mwingine aseme sana. Siku moja kabla ya harusi nilikuwa nampaka hina kwenye vidole, na akaniambia bila kuinua kichwa:

"Mdogo wangu, baba amemwalika Mwalimu Ngailo."

"Najua. Atatoa nasaha."

"Hatakuja kutoa nasaha. Nimeomba kila mtu isichezwe ile ngonjera. Baba kasema sawa, mama kasema sawa, lakini nawajua. Wewe ndiye mwenye makopo. Bila makopo haiendi. Wasipokupata, haichezwi. Unanisikia?"

"Nakusikia, dada."

"Niapie."

Niliapa kwa jina la mama. Makopo sikuwa nimeyashika kwa miaka, kwa hiyo niliona ni kiapo rahisi.

Bibi harusi kwetu hakai kama mtu mwenye furaha. Anainamisha uso, haangalii watu, hacheki, hata akichokozwa. Akicheka watasema alikuwa na haraka ya kuondoka kwao. Sekela alikaa hivyo chini ya turubai tangu saa nane, mwenye shela, mikono magotini. Mwalimu Ngailo aliposimama kutoa nasaha, soksi zake zilikuwa nyeupe vile vile. Alisema maneno mawili ya ndoa. Kisha akainama, akatoa mfuko chini ya kiti, na ndani ya mfuko yalikuwa makopo mawili mapya, yametiwa mpunga.

"Yuko wapi mpiga manyanga wangu? Yule ambaye hata nyumba ikiungua?"

Watu walinisukuma mbele. Naweza kusema nilisukumwa, na ni kweli. Lakini hakuna aliyenifunga vidole kwenye makopo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, watu mia mbili walikuwa wananitazama, na mwalimu wangu alikuwa amenikumbuka. Nilimtazama Sekela ili anione nikikataa. Uso wake ulikuwa chini. Nikayapokea.

Turubai zima lilighani. Tifua, panda, palilia, vuna, beba. Waliokuwa wanakula waliweka sahani chini ili mikono iwe tayari. Nani kalala? Ukimya, makopo yangu, kisha paa, viganja vya watu mia mbili kwa pamoja.

Kichwa cha Sekela kilikwenda kando. Si kwa madaha, si kama mlivyozoea kufanya. Kilitupwa, kama siku ile, upande ule ule, na shela ikateleza begani. Mdomo wake ulifunguka na ile sauti ikatoka, ndogo, hakuna aliyeisikia isipokuwa mimi niliyekuwa hatua mbili mbele yake. Aah.

"Hata bibi harusi anaicheza!" alipiga kelele mama mmoja, na turubai likalipuka kwa vigelegele. Baba alifuta machozi ya kicheko. Mwalimu Ngailo alitoa leso yake, akapiga chafya.

Hapo ndipo nilipoelewa, mara moja, chumba kile chote cha Iringa: manyoya, mdomo uliofunguka, "nilipanga", "naomba turudie". Nilielewa huku mikono ikiendelea kutikisa. Ilibaki beti mbili, na nilizimaliza zote.

Sekela hakunisema. Kesho yake, tulipokuwa tunapakia vyombo vyake, aliweka mkono juu ya kichwa changu kidogo, kama anapima urefu, akaondoka. Tangu hapo tunazungumza vizuri. Anauliza masomo, namuuliza watoto.

Hayo yote nilimweleza Mwanaidi Jumamosi ile, na hakucheka tena. Alifungua sanduku lake, akatafuta, akaleta kaseti nyingine. Anarekodi vitu redioni, hasa vipindi vya zamani. "Ninayo," alisema kwa sauti ya chini. "Tuifute?"

Nilimwambia aniazime hedifoni kwanza.

Katika redio ya pale kwenye mashine ya mpunga, miaka ile, ulisikia ngoma na kibao tu. Kwa hedifoni unasikia kila kitu. Nilisikia Sekela akivuta pumzi kati ya mistari. Nilisikia mtu akisogeza mguu. Nilisikia koo lake likigoma, mkwaruzo mdogo kabla ya kibao, ambao taifa zima halijawahi kuusikia. Lakini sikuwa natafuta hayo. Nilikuwa natafuta makopo. Nilikuwa na miaka minane, dada yangu amepigwa hatua mbili kutoka nilipo. Lazima mkono ulisita. Punje moja ichelewe, kopo moja liteleze, ingetosha. Kama kweli mashine ile ya kurekodi ilinasa kila kitu, ingekuwa imeninasa nikishtuka.

Nilirudisha nyuma mara tisa, mpaka Mwanaidi akanivua hedifoni masikioni. Sikukosea popote.